Nilisema shingo imepona, sasa mdogo wangu naye anakuja kuvutwa

Admin, jina langu usiliweke. Mume wangu ana simu ya kitochi isiyo na intaneti, hawezi kusoma huku, ila majirani zangu wanashinda kwenye ukurasa huu na wana midomo. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, nina watoto wanne, nimeolewa Matongo huku Tarime. Kwa miaka saba nilibeba viroba vya mawe ya dhahabu kichwani, kutoka kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo hadi kwenye karasha yanakosagwa. Nilikuwa najisifu. Wenzangu wakibeba kiroba kimoja, mimi nabeba kimoja na nusu, na nikisifiwa naongeza. Ujinga huo ndio ulioniponza.

Mwaka jana shingo ilianza kukaza. Nikigeuka kushoto, maumivu yanashuka begani mpaka kwenye kidole gumba. Nikameza dawa za dukani, nikaendelea kubeba.

Sasa baba mkwe wangu ni mnyooshaji wa viungo anayejulikana. Aliyeteguka, aliyeanguka na pikipiki, wote wanaletwa kwake, hata kutoka wilaya za jirani. Lakini kwetu Wakurya baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe wala haingii chumbani kwake, ni aibu kubwa. Kwa hiyo wakapanga mzee akae nje kwenye kigoda, ameegemea ukuta wa chumba chetu, na mume wangu awe ndani na mimi, afanye atakavyoelekezwa.

Nililala chali chini, shuka limepitishwa chini ya kidevu changu, mume wangu ameshika ncha zote mbili. Mzee hanioni, anaongea tu kutoka nje. Akamwambia mwanawe ageuze kushoto. Akamwambia bado. Kisha akasema, "Vuta."

Shingo ikalia ko! Mzee kule nje akacheka kwa furaha, akasema imerudi mahali pake. Mimi mkono wa kushoto ulipigwa kama nimeshika waya wa umeme, halafu ukafa ganzi. Nikasikia anauliza kama nimepona, na kama bado, mume wangu avute tena. Niliogopa jamani. Nikajibu, "Nimepona, baba." Hilo ndilo kosa langu, na limenifuata mpaka leo.

Tangu siku ile vikombe vinaniponyoka. Kufunga kifungo cha sare ya mtoto nahangaika kama mlevi. Baada ya miezi miwili nilidanganya naenda msibani kwa shangazi, nikaenda hospitali hadi Mwanza. Baada ya vipimo daktari alinieleza kwamba ile nyama laini iliyo katikati ya pingili za shingo imetoka mahali pake na inabana mshipa wa fahamu. Akasema mizigo ya kichwani basi, mto wa kulalia uwe mwembamba, nisiiname muda mrefu nikimenya mihogo au kutazama simu. Akanionyesha mazoezi ya kurudisha kidevu nyuma taratibu na kukaza mabega. Halafu akaniangalia usoni akasema, "Ganzi ikishuka mkononi, mtu asivute shingo yako wala kuizungusha. Wengine wanabaki hawatembei."

Nimeyafuata. Mazoezi nafanyia bafuni, nimefunga mlango. Mawe nimeacha, nauza mboga, na maji nayabeba kwa vidumu viwili vidogo, kimoja kila mkono. Nyumbani wanadhani nimekuwa mvivu. Maumivu yamepungua sana, nguvu za vidole ndiyo hazijarudi zote.

Kumbe huku nyuma uongo wangu unatembea. Mzee anawaambia watu kwamba mwanawe amerithi mkono wake na ushahidi ni mimi. Mume wangu sasa anaitwa kunyoosha watu. Ni mwanaume mzuri, hajawahi kunipiga, na sijawahi kumwona anatembea kifua mbele kama mwaka huu. Nikimwambia kwamba ni yeye aliyeniumiza, nitakuwa nimemvunja yeye na kumwaibisha baba yake mbele ya ukoo mzima. Nimekaa kimya, na kimya hicho kinanichoma.

Mdogo wangu Marwa anachimba huko Kewanja, ana miaka ishirini na sita. Shingo inamsumbua tangu mwezi uliopita, mikono yote miwili ina ganzi, na mama anasema siku hizi anajikwaa hata pasipo na jiwe. Mimi yangu haikufika hata miguuni. Mama mwenyewe ndiye aliyemshauri aje kwa mume wangu, kwa sababu eti mimi dada yake nilipona.

Jana Marwa alipiga simu. Mume wangu alikuwa kando yangu, simu ipo spika. Marwa akaniuliza, "Dada, niambie ukweli. Wewe ilikusaidia?"

Mume wangu akanitazama huku anatabasamu. Nikamjibu, "Ilinisaidia. Njoo."

Sijalala vizuri wala kula. Nimeshika simu mara tatu nimpigie nimkataze, nimeiweka. Marwa hana siri, atamwambia mama, na mama atampigia mume wangu hapo hapo. Mume wangu naye leo ameanua lile shuka, amelikunja na kuliweka kitandani upande wangu. Ameniomba Jumamosi nimshike Marwa mabega asitikisike.

Najua mtanitukana, tukaneni, nimestahili. Lakini mkimaliza nishaurini: nianze na nani, mume wangu au Marwa, na nitumie maneno gani? Leo ni Alhamisi. Jumamosi saa mbili asubuhi mdogo wangu anapanda pikipiki kuja kwetu, kwa sababu mimi nilimwambia njoo.