Viongozi wetu wa kamati kumi na moja, na geti la maji nililolichomelea mimi

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Mliobaki marahaba, naitikia kabisa msije mkasahau.

Hapa sitii chumvi. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na moja lilishapigwa na cheche za welding, lakini bado linaona mbali kuliko la kwako unayesoma huku umelala.

Shule niliishia darasa la nne, Tumati huko. Sina aibu. Leo nina karakana mbili na wasomi wanne nimewaajiri, mmoja ana digrii na ananiita bosi. Nikikosea herufi nivumilieni. Anayetaka kucheka aje acheke mbele ya geti langu.

Enzi hizo mashamba ya ngano ya serikali ndiyo yalikuwa dunia yetu. Ukisimama upande wa Basotu unaona ngano mpaka macho yanachoka.

Nilianza kwa kupaka grisi kombaini. Nikawa naiba ujuzi wa mafundi kwa macho, mwisho nikafungua kibanda changu cha kuchomelea kwenye mji wetu mdogo, chini ya Mlima Hanang. Jina la mji silitaji. Wenyewe mtajijua.

Basi mji ukapata kamati ya kuchaguliwa. Watu wanne. Na kila mgombea alisimama sokoni kusoma historia yake.

Mwenyekiti alijiita "mtaalamu wa kilimo cha kisasa". Wakuu, yule alikuwa anagawa magunia matupu kwenye stoo ya shamba! Nilikuwa napanga foleni kwake. Ngano aliijua ikishakuwa chapati.

Katibu, mwalimu mstaafu. Alisema amekaa kamati kumi na moja, akazitaja moja moja kama anaita mahudhurio. Shule, maji, barabara, mazishi, mpaka kamati ya kupokea wageni wa kamati nyingine. Na choo cha hiyo shule yake hakikuwa na mlango mpaka nilipokitengenezea mimi.

Wa tatu, mwenye duka sokoni. Muislamu, mjumbe wa kamati ya msikiti, safi. Lakini pia alikuwa kwenye kamati ya kununua kengele ya kanisa. Ukimuuliza anasema, "Mimi ni mtu wa watu." Sisi tulijua ni mtu wa chai. Kamati isiyo na chai hukumwona.

Wa nne ni mimi. Hotuba yangu ilikuwa moja tu: "Pampu ya maji ikiharibika mnamwita nani?" Watu wakaitikia, "Wewe!" Nikakaa. Nikapita.

Sasa sikilizeni.

Kulikuwa na tenki la maji kando ya barabara ya kwenda mashambani. Akina mama wa wafugaji walikuwa wanakuja na punda kuchota pale, maana malisho yao ya zamani na njia zao za maji zilishaliwa na ngano.

Siku moja Mwenyekiti akatuita kikao.

"Ndugu wajumbe, kuna mgeni mkubwa anakuja kuangalia ngano. Atapita pale kwenye tenki. Aone nini? Mavi ya punda?"

Katibu akasema, "Tufunge kwa muda. Wiki moja."

Mwenye duka akasema, "Mimi naunga mkono. Chai iko wapi?"

Tukanyoosha mikono, wote wanne. Kazi ya kufunga nikapewa mimi. Na sitajificha wakuu, niliifanya vizuri mno. Nilichomelea geti la uzio wa tenki mpaka mwizi angekaa chini akalia. Nikaenda nyumbani najisifu.

Mgeni mwenyewe hakuja. Akapita njia nyingine.

Siku ya nne wakaja karakana yangu wanawake wawili, wamevaa ngozi zao, fimbo mkononi. Mmoja ni bibi wa makamo ya mama yangu, tumuite Bibi Udameda. Nikazima mashine.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia. Wakuu, bibi wa kule asipoitikia shikamoo, jua umekufa unatembea.

"Wewe ndiyo umefunga maji?"

Nikajitetea, "Bibi, muulize Mwenyekiti."

"Tumeuliza. Anasema hakuwepo kikaoni. Mwalimu anasema alikuwa msibani. Mwenye duka anasema alikuwa Mbulu. Sasa tunauliza wewe, geti lilijifunga lenyewe?"

Bibi akanieleza yote. 

Kumbe mkwe wake alikuwa amejifungua juzi juzi tu. Maji yalipofungwa wakawa wanachota kwenye shimo ulimochimbwa udongo wa barabara, maji ya tope. Mzazi akayanywa, tumbo likamshika, amelala hajiwezi, maziwa yamekauka na mtoto analia.

Niwaeleze ambao si wa huko. Kwa wale wafugaji, ukimkosea mzazi umewakosea wanawake wote. Wanakaa kikao chao wenyewe, mwanaume haingii, na hukumu yao hata mume hathubutu kuipinga. Mkosaji anatoa dume la ng'ombe jeusi. Asipotoa analaaniwa, na hakuna nyumba itakayompokea.

"Tumekaa jana," bibi akasema. "Tunamtaka mwanaume aliyefunga. Na huyo mzazi akifa hatutataka ng'ombe tena."

Wakaondoka.

Nikakimbia kwa Mwenyekiti. "Mkubwa, twende wote wanne tukakiri, tutoe ng'ombe yaishe. Mama wa watu anakufa."

Akajiweka sawa kwenye kiti. "Kijana, mimi nina wadhifa. Siwezi kuhukumiwa na wanawake wamekaa kwenye nyasi."

Katibu nilimkuta anatafuta kitabu cha mihtasari. Nikafurahi, nikajua anataka kuonyesha ukweli. Wapi! Alikuwa anafuta jina lake.

Mtu wa watu hata mlango hakufungua. Nilisikia anakohoa ndani.

Hapo nikaelewa. Hao watu wa kamati kumi na moja, siku ya tabu hawajawahi kukaa hata moja.

Nikachukua msumeno wa chuma nikalikata geti lote, nikapakia madumu ya maji kwenye mkokoteni nikayapeleka mwenyewe kwenye boma la bibi. Kisha nikaenda mahali wanawake walipokaa kikao, nikasimama mbali kama inavyotakiwa, nikasema kwa sauti: "Mkono niliunyoosha. Na geti nimechomelea mimi."

Wakasema, "Lete ng'ombe."

Wakuu, msione dume jeusi ni kitu rahisi. Awe mweusi mwili mzima, doa jeupe hawataki. Nilitembea mpaka Gitting, naona madoa, wekundu, wa kijivu. Nilimpata siku ya tatu, na mwenye ng'ombe alinitazama akacheka, akajua nimeyakoroga. Wanawake wakamchinja, wakamla wao wenyewe. Mimi hata supu sikuionja.

Mzazi alipona. Maziwa yakarudi. Siku hiyo Bibi Udameda alipita karakana, nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba." Sijawahi kupewa cheti, lakini nadhani kinafanana na lile neno.

Uchaguzi ukarudi. Sokoni pale pale.

Mwenyekiti akasimama, historia yake imeongezeka ukurasa mzima. "Na ni mimi niliyewafungulia maji akina mama! Ni mimi niliyelipa ng'ombe, kwa niaba ya kamati!"

Mimi nikataka kuruka. Bibi Udameda akanionyesha kwa fimbo nikae. Akasimama yeye.

"Mwenyekiti, asante. Huyo ng'ombe wako alikuwa rangi gani?"

Jamaa akatabasamu. "Mweupe, mama! Mweupe pee, kama roho yangu!"

 Wanawake wakaanza kucheka, wakafuata wanaume, mpaka wauza vitunguu wakajishika mbavu. Katibu alikuwa ameshasimama kuongeza kwamba yeye ndiye aliyemshika kamba yule ng'ombe. Akakaa taratibu, kama mtu anayekalia yai.

Kura zilipohesabiwa nilirudi mimi, na Bibi Udameda, naye aligombea mara hii, akaingia. Historia yake alipoombwa aisome alisema, "Mnanijua," akakaa.

Nililojifunza ni hili. Kiongozi akikusomea kamati zake usibishane naye. Muulize kitu kimoja ambacho anakijua aliyefanya tu.

Kipande cha lile geti bado ninacho. Nimekiwekea miguu, kimekuwa benchi la wageni hapa karakana. Wagombea wakija kuomba niwaunge mkono nawakalisha juu yake. Wote wanasifia welding, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza geti lilikuwa la nini.

Haya, zamu yenu. Wa kwenu alisema ng'ombe alikuwa rangi gani?