Zamu ya Nane

Wanaonijua uzeeni hudhani nilizaliwa mkaidi. Si kweli. Nilikuwa mke wa kunyamaza kabisa, na ningezeeka hivyo hivyo kama wasingeyagusa maji yangu.

Ilikuwa wakati wa Mdachi. Boma la Arusha lilikuwa limeshasimama, jeupe, na chini yake palikuwa na njia moja ya maduka, soko, na magari ya ng'ombe ya Makaburu yakitimua vumbi. Sisi tulikaa juu, upande wa Olmotonyi, kwenye mteremko wa Meru, nyumba saba zikitumia mfereji mmoja. Mume wangu alikuwa amefariki kwa homa, akaniachia watoto wawili na shamba la migomba, maharage na magimbi. Shamba letu lilikuwa la saba, mkiani mwa mfereji. La sita lilikuwa la shemeji yangu, mdogo wa marehemu, na huyo hakunificha alichokuwa akingoja.

"Shemeji," aliniambia siku tulipomaliza matanga, "shamba la ukoo likikauka linarudi kwa ukoo. Mimi sina haraka."

Mara mbili kwa wiki nilishuka mjini kuuza ndizi. Nikimaliza nilipumzika barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka, na ukutani kwake palitundikwa kalenda ya Kidachi, ile ya kuchana karatasi moja kila siku. Mbele ya karatasi palikuwa na tarakimu kubwa ya tarehe na nafasi nyeupe pembeni. Nyuma pamejaa maandishi madogo. Siku ikipita, karatasi yake ilifungiwa chumvi au tumbaku. Nikamwambia mwenye duka anifungie chumvi yangu kwa jani la mgomba, hizo karatasi anipe mimi. Akacheka, akanipa rundo zima, na tangu hapo kila niliposhuka alinichania mapema na za siku zilizofuata.

Kusoma na kuandika nilikuwa nimejifunza kwenye darasa la ubatizo. Kidachi sikukijua, ila mwalimu wetu wa misheni, kijana wa mlima huu huu, alikijua vizuri. Nikampelekea karatasi, akanitafsiria. Siku kama ya leo alizaliwa mwana wa mfalme fulani. Siku kama ya leo jeshi fulani lilivuka mto fulani. Namna ya kuondoa doa la mvinyo kwenye kitambaa cha meza. Chini kabisa fumbo la hesabu, na jibu lake kwenye karatasi ya kesho.

"Na huku kwetu, mwalimu," nikamuuliza, "siku hiyo hapakutokea kitu?"

"Hii ni kalenda ya Ulaya, mama."

"Jua lilichomoza huku pia."

"Lilichomoza," akasema, akanipa kipande cha penseli.

Nikaanza kuandika kwenye ile nafasi nyeupe, nikiizunguka tarehe yao. Leo nzige wamepita, hawakutua. Siku kama hizi, mwaka wa kujenga boma, baba yangu alibeba mawe mpaka ngozi ya bega ikatoka. Jiwe lake ni la tatu kutoka chini, kushoto mwa lango. Ng'ombe wa Kisongo hulamba magadi kwa furaha, wa kwetu hukunja uso. Nyota yenye mkia imeonekana juu ya mlima, watu wamelala nje kuitazama. Mwisho niliweka fumbo langu mwenyewe. Karatasi ya siku niliichomeka kwenye mwiba wa ua, pale tulipoteka maji asubuhi, nikawasomea wanawake wenzangu. Baada ya mwezi hawakutaka kujaza vibuyu kabla sijasoma, na mafumbo waliyabeba nyumbani wakawasumbue nayo waume zao.

Basi akatokea jumbe. Jumbe wetu aliwekwa na boma, na boma lilikuwa limechoka na mashauri ya maji kutoka mlimani. Hapo awali tulipokezana tu, nyumba hadi nyumba, bila kujali siku inaitwaje. Jumbe alitaka mambo ya karatasi. Akatuita, akatusomea: nyumba ya kwanza Jumatatu, ya pili Jumanne, vivyo hivyo hadi ya sita Jumamosi. Jumapili mtu asiguse mfereji, kwa sababu ni siku ya Bwana na yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Wote tukaitikia kwa kichwa, nami nikiwemo, maana wakati huo nilikuwa mtu wa kuitikia. Nilipofika nyumbani ndipo nikahesabu kwa vidole.

Kesho yake nilimfuata. "Shikamoo, jumbe."

"Marahaba."

"Umegawa siku sita kwa nyumba saba."

"Nimegawa siku saba. Ya saba Mungu ameichukua, si mimi. Utamwomba shemeji yako, Jumamosi atakumegea."

Shemeji alinimegea mara moja, maji ya kulowesha vifundo vya miguu. Jumamosi ya pili alisema amechelewa kuanza. Ya tatu alikaa kwenye kizuizi chake, mawe ya kufungia maji, akatazama migomba yangu, akiipima kwa macho mstari kwa mstari. Kiangazi kilikuwa kimeingia. Magimbi yalianza kukunja majani tangu saa nne asubuhi, na maharage yaliyotoa maua yakayaangusha. Nilishikwa na hofu kwanza, halafu hasira, na hasira haikuondoka. Hata leo nikiandika haya naisikia kifuani.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelitaja. Jumbe alikuwa amepanda kahawa, miche aliyopewa na misheni, juu ya kizuizi cha nyumba ya kwanza. Kahawa ile haikuwa na zamu. Ilikuwa na tundu la ukubwa wa kibuyu kwenye ukingo wa mfereji, na tundu halikuzibwa Jumatatu wala Jumamosi. Mimi nilikuwa nikiliandika kila siku pamoja na habari nyingine ndogo ndogo, bila nia yoyote: leo maji yamepita kwenye kahawa ya jumbe.

Siku moja baada ya darasa nilimuuliza mwalimu kama Jumapili haiwezi kusogezwa.

"Jumapili haisogei, mama," akasema.

Nilirudi na neno hilo njia nzima. Kama yenyewe haisogei, basi tusogee sisi. Nikamwaga maharage uani, nikayapanga saba saba, na harage langu, la saba, liliangukia Jumapili katika kila mstari. Nikaongeza harage moja kwenye zamu, yakawa nane, na Jumapili ikaanza kuhama: wiki hii imemkosesha huyu, wiki ijayo yule. Nikakaa chini nikacheka peke yangu, watoto wakanitazama.

Asubuhi nikachomeka fumbo kwenye mwiba. Nyumba saba hupokezana maji, kila moja siku moja. Kila siku ya saba maji hayatoki. Nyumba ile ile hukosa daima. Je, ni nyumba ya nane ipi mtaiongeza ili kukosa kuzunguke kwa wote? Niliwaonyesha na maharage. Wake sita wakatazama juu, upande wa kahawa. Nilijua jioni ile maharage yatapangwa katika nyumba sita.

Sikungoja jibu. Jumapili ile, kengele ya kanisa ilipogongwa, nilipanda na jembe, nikafungua vizuizi vyote kuanzia juu hadi kwangu, nikaziba lile tundu kwa udongo na majani ya mgomba. Maji yalipofika kwenye magimbi nilisimama ndani yake. Sikumwomba mtu msamaha, wala moyoni.

Walinikuta hivyo walipotoka ibadani, jumbe mbele kwa koti jeusi, shemeji nyuma yake, wengine na wake zao, na mwalimu akiwa na kitabu cha nyimbo kwapani.

"Mwanamke, hujui leo ni Jumapili?"

"Najua. Mimi ndiye mwenye kalenda."

"Darasani ulifundishwa nini?"

"Mimi nilifundishwa. Magimbi yangu bado hayajabatizwa."

Mtu mmoja alicheka nyuma akajifanya anakohoa. Jumbe akasema atanipeleka bomani, nifungwe mnyororo nifagie soko, na shamba lipewe mwenye nguvu ya kulitunza. Shemeji alitazama chini, lakini hakukataa.

"Twende hata sasa," nikamwambia. "Ngoja nichukue karatasi zangu. Bwana mkubwa atapenda kuziona, maana nyuma ni Kidachi. Mbele atasomewa kila siku ambayo kahawa yako ilikunywa bila zamu."

Nikamtuma binti yangu ndani, akaleta rundo lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Jumbe akanyoosha mkono alichukue. Binti akampita, akampa mwalimu.

Mwalimu alikuwa kijana mwoga, na chakula chake kilitoka misheni alikopendwa jumbe. Aligeuza karatasi ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nilidhani atasema maandishi hayasomeki. Akasoma kwa sauti ile ile ya kusomea Injili: leo maji yamepita kwenye kahawa ya jumbe. Leo kuku wa nyumba ya tatu amerudi na vifaranga tisa. Maji yamepita kwenye kahawa ya jumbe. Leo Mhindi amepata binti. Maji yamepita kwenye kahawa ya jumbe. Alisoma karatasi nyingi bila kuruka, na watu hawakuondoka kwenda kula.

Mwalimu alipoacha kusoma, mzee wa nyumba ya kwanza ndiye aliyesema. Yeye alikuwa karibu zaidi na lile tundu, na kumbe maharage alikuwa ameyapanga.

"Jumbe, hakuna anayekuita mwizi," akasema. "Kahawa ni nyumba ya nane. Ipe zamu yake, siku nzima, halali. Siku nyingine tundu lizibwe. Na Jumapili itakosesha kila mtu kwa mpango, sisi tumekubali."

"Mmekubali lini?"

"Tangu fumbo."

Jumbe aliangalia uso mmoja mmoja. Angeweza kukataa, lakini shauri lingefika bomani, na yeye aliwekwa ili mashauri yasifike. Akasema sawa, na akaongeza kwamba Jumapili bado ni Jumapili.

Kahawa ikaanza zamu yake Jumatatu, nami maji yangu yakaja Jumatatu ya pili yake, mengi kuliko niliyoyajua, maana hayakuvuja njiani. Jumapili ya kwanza kumkosesha mtu ilimwangukia shemeji. Nililiandika hilo kwa herufi kubwa kidogo, nakiri. Kisha ikapanda nyumba kwa nyumba, ya tano, ya nne, ya tatu, watu wakinung'unika kwa haki. Nilikuwa nimeshahesabu tarehe mapema. Wiki moja kabla nikachomeka: Jumapili ijayo ni zamu ya kahawa kukosa.

Siku hiyo ibada ilipokwisha hakuna aliyeshika njia fupi ya nyumbani. Wote tulipanda kupitia kahawa, wazee, watoto, mwalimu pia. Chini ya miche ardhi ilikuwa nyeusi kwa maji, na mengine yalikuwa bado yanatembea kati ya mistari.

Jumbe alitangulia kusema. "Maji yamevunja kizuizi yenyewe."

Kizuizi kilikuwa kimewekwa pembeni, kizima, jiwe juu ya jiwe. Watu wakanitazama mimi.

"Yamevunja," nikasema. "Jumapili ijayo ni zamu yangu kukosa, jumbe. Na kwangu yatavunja yenyewe."

Jumapili iliyofuata nilifungua maji alfajiri kweupe, nikayaongoza mpaka kwenye gimbi la mwisho, kisha nikaenda kanisani na matope miguuni. Nilikaa benchi la mbele. Jumbe alisogea kunipa nafasi, mwalimu akataja wimbo, tukaimba.

Jioni shemeji alikuja uani kwangu. Alizunguka na maneno ya mvua na ya bei ya mbuzi kule Sombetini, mpaka nikamhurumia.

"Shemeji," akasema hatimaye, "Jumapili ijayo ni zamu yangu kukosa. Unadhani maji yatavunja na kwangu?"

"Yakimkuta mtu mwenye jembe yatavunja."

Aliitikia kwa kichwa, akasimama pale akiyatazama magimbi yangu yaliyokuwa yamefunua majani. Shamba hakulitaja, siku hiyo wala nyingine yoyote. Alipoondoka nilichukua karatasi ya siku, nikaandika pembeni mwa tarehe yao: Jumapili. Leo maji yamepita kwangu.