Kila Mzamiaji Aitike Mwenyewe

Nilikuwa nachambua mchele uani, hapa Kariakoo, mdogo wangu wa kiume alipoingia na habari kwamba amepata kazi ya upishi kwenye boti ya watalii. Wageni hao hulala humo humo wiki nzima, wakizunguka visiwa vya Mafia na kuzamia.

"Wanazamia kutafuta nini?"

"Kuangalia samaki, dada."

"Samaki si wamejaa sokoni Feri? Na wewe kuogelea hujui."

"Mimi sizamii, napika."

Nikausukuma ungo pembeni. Marehemu mama alimwacha mikononi mwangu, na nilikuwa tayari kukataa.

"Ukianguka majini, nani atajua?"

Akacheka. "Nahodha hawashi injini mpaka aite majina na kila mtu aitike kwa sauti yake, hata mpishi. Kuitika kwa niaba ya mwenzako ni marufuku."

Nikauvuta tena ungo. Kwangu kila jioni nauliza kama wanangu wamefika, na mkubwa hujibu "Tupo!" huku mdogo wake bado yuko Jangwani anacheza mpira. Wasomaji, watu wanaosafiri mbali kuangalia samaki wasiowala wamenizidi akili.

Usiku huo nikapakua wali na maharage, nikataka kila mtu aitike mwenyewe. Sauti moja ikakosekana. Mkubwa akatoka mbio kumfuata mdogo wake, na hakuna aliyegusa sinia mpaka waliporudi, mmoja ana tope magotini.

"Nipo, mama."

"Nipo."

Wa mwisho alikuwa mdogo wangu. "Nipo, dada."

"Basi nenda," nikamwambia. "Lakini huko uitike kwa nguvu."

Tukanawa, tukala.