Siku Nilipoikaza Jeki ya Kwaya

Nyie chekeni tu, maana hata nikinyamaza mtaisikia kwenye kaseti, na kwa kuwa aibu yangu inauzwa sokoni Mpanda mchana kweupe, afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko mhadithiwe na wanakwaya, ambao kila mwaka wananiongezea mita mbili za kuruka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nimemaliza chuo, nina digrii ya fizikia na sina kazi, nimerudi kwa mama, ambaye alikuwa amewatangazia watu wote kuanzia stesheni mpaka Magamba kwamba mwanawe ni injinia. (Sikuwa injinia. Nilijaribu kumweleza tofauti, akaniambia nisijishushe.)

Sasa kwaya yetu ilikuwa imesubiri miaka mitatu ipate bwana mmoja wa Tabora mwenye mashine ya kurekodi, na hatimaye akakubali kuja kwa treni, arekodi nyimbo sita Jumamosi, aondoke na treni inayofuata. Mji mzima ulichangamka. Akina mama walishona sare. Halafu, siku tatu kabla, amplifaya ya gitaa ikaanza kukatakata. Lile tundu la kuchomekea waya wa gitaa, ambalo mafundi wanaliita jeki, lilikuwa limepasuka, na Nestori, mpiga gitaa wetu kutoka Katumba, alikuwa hapati sauti mpaka mwimbaji mmoja wa sauti ya besi asimame pembeni kuishikilia plagi kwa mkono.

Mwalimu Generoza, kiongozi wa kwaya, akaja nyumbani.

"Bila gitaa hakuna kaseti," akasema. "Nimpelekee Fundi Sadala?"

Mama akadakia kabla sijameza mate. "Fundi wa nini, na injinia yupo?"

Wote wakanitazama. Nami, badala ya kusema ukweli, nikasema, "Kazi ndogo hiyo, Mwalimu."

Kumbe nilikuwa nimekokotoa saketi miaka mitatu chuoni bila kushika chuma cha kulehemu hata siku moja! Nilichora michoro minne kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Ndani nikaikuta jeki ya plastiki, miguu yake mitano imegandishwa kwa risasi ya kulehemu kwenye bodi, nikaivuta, ikatoka kweli, lakini ikatoka na vinjia viwili vya shaba vilivyokuwa vimebandikwa kwenye ile bodi, vimebanduka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Nikaifunika amplifaya kwa kanga ya mama, nikaibeba kwa kupitia uchochoro wa nyuma ya soko mpaka kwa huyohuyo Fundi Sadala.

Mzee hakucheka. Alichakura kwenye kopo lake la vipuri, akatoa jeki ya chuma, akanionyesha namna ya kuunganisha miguu kwa vijiwaya vyembamba pale shaba ilipobanduka, kisha akaniachia nilehemu mwenyewe kwa chuma chake. Nestori akaitwa, akachomeka gitaa, akagonga nyuzi. Jamani, ilitoa sauti! Nilikaribia kumkumbatia mzee.

"Msomi," akaniuliza, "ile ya kwanza ilivunjikaje?"

"Uchakavu tu, mzee."

"Haya. Ila waya ukivutwa, lazima kitu kimoja kikubali kutoka. Chagua mwenyewe kipi."

Nikamshukuru, moyoni nikamhurumia (maskini, hana nadharia), nikarudi nyumbani nikiwaza peke yangu. Na nikiwaza peke yangu ndipo mambo huharibika. Je, nati inayoibana jeki kwenye sanduku ikilegea? Nikaongeza nati ya pili. Je, zote mbili zikilegea? Nikapaka gundi ile ya kuchanganya, inayokauka ikawa jiwe. Je, plagi ikichomoka katikati ya wimbo, treni inaondoka, kaseti hakuna, na mama atasema nini kwa watu? Nikakata mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaifunga plagi kwenye mpini wa amplifaya, raundi tisa. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Haikutikisika. Nikacheka peke yangu kwa furaha.

Jumamosi kanisa lilijaa. Mama alikaa mbele kabisa. Bwana wa Tabora akaomba mambo mawili: taa nyekundu ikiwaka hakuna kukohoa, na wanakwaya wasichezecheze.

"Mnarekodiwa sauti, si miguu," akasema.

"Bwana, kwaya hii bila miguu haina sauti," Mwalimu Generoza akamjibu, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Nyimbo tano zilikwenda vizuri mpaka nikaona machozi ya mama. Mimi nimekaa nyuma ya amplifaya, nayo imewekwa juu ya stuli, kifua mbele. Wa sita ukaanza, ule wa mwisho, wenye mwendo, na ubeti wa tatu ulipofika wapigaji na waimbaji wakapiga hatua nne kwenda mbele kama walivyofanya miaka yote (na hapo ndipo nilipojua ile jeki ya kwanza ilivunjikaje). Waya ukakazika. Amplifaya ikaanza kutembea.

Nikaidaka. Kusema siwezi, taa nyekundu inawaka. Nestori amefumba macho, kazama kwenye wimbo, anahisi uzito, anadhani kuna mtu kakanyaga waya, basi anavuta kwa kiuno (ncha yake ya waya huizungushia kwenye mkanda) bila kukosa hata noti moja. Nami navuta, nimekita visigino sakafuni, nimekunja sura, kimya kabisa, kanisa zima likitazama injinia akivutana na gitaa. Nikakusanya nguvu zangu zote.

Ndipo kwaya ikapiga hatua nne kurudi nyuma.

Niliruka kinyumenyume na amplifaya kifuani, nikawapiga watu wa besi magotini, benchi lao likapinduka, mpini ukang'oka, mbao ikapasuka, na nikiwa chini ya wanaume sita kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, ni kupapasa ile jeki.

"Jeki nzima!" nikapiga kelele.

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.

Mwalimu Generoza akaja kusimama juu yangu. "Nilikuomba utengeneze jeki. Nani alikutuma ufunge ng'ombe?"

Tepu ya kurudia haikuwapo, wala wimbo wa sita haungeachwa, ndio unaopendwa. Kwa hiyo kaseti ilitoka vilevile: ubeti wa tatu, kishindo, mama mmoja anaita "Yesu wangu!", halafu sauti yangu, safi kuliko zote. Tangu hapo Mpanda hakuna anayeniita injinia. Naitwa Jeki Nzima.

Fundi Sadala aliiponya amplifaya, ila ile jeki alishindwa kuing'oa, akaikata kwa msumeno. Nami nimeapa sitagusa chombo cha mtu kabla sijauliza kilivunjikaje, na nikiulizwa kama naweza, nitajibu mwenyewe kabla ya mama.

Mama naye alinunua kaseti mbili. Mgeni akija anapeleka mbele mpaka wimbo wa sita, ananyoosha kidole, anasubiri kishindo.

"Huyo sasa," anasema, "ndiye mwanangu."