Hodi Kwenye Chumba cha Maiti

Naikumbuka asubuhi moja ya aibu, mwanangu, na leo nafurahi kuisimulia. Simu yako ya jana imenirusharusha jikoni hapa Vällingby, pembeni mwa Stockholm, na magoti yangu haya mabovu! "Babu, jag kom in, nimechaguliwa!" ulipiga kelele, nami nikapiga vigelegele, kazi ambayo marehemu bibi yako angeifanya vizuri zaidi. Mjukuu wangu anaingia udaktari! Basi kabla hujaingia chumba cha maiti mnakojifunzia kupasua miili, nisikilize.

Nilikuwa kijana kutoka Moshi, nimekuja kusoma hapa Stockholm, na koti jeupe jipya lilikuwa limenipanda kichwani. Siku ya kwanza tukakuta juu ya meza yetu mzee mmoja amefunikwa shuka. Moyo ulinidunda kwa furaha na woga, na mwoga mdomo wake haukai. Nikamwambia mwenzangu kwa Kiswidi changu cha juzi, kwa sauti, ili wote wajue nakijua: "Tukate tu bila wasiwasi, huyu hana mwenyewe." Wakacheka wawili watatu. Ulimi hauna mfupa.

Nyuma yetu alikuwepo mzee Sven, mtunza chumba, aliyewaosha na kuwafunika marehemu wale. Akaninyang'anya kisu.

"Nani kakwambia hana mwenyewe? Zamani waliletwa mafukara waliokufa bila wa kuwazika. Hakuna aliyewauliza. Bibi yangu alitembea kutwa kwenye theluji kwenda kumchukua kaka yake amzike, akaambiwa amechelewa, wanafunzi wameshaanza. Lakini huyu aliandika barua mwenyewe, akautoa mwili wake mjifunzie. Kakukaribisha, nawe unaingia hivyo? Toka! Uingie tena kama unavyoingia nyumbani kwa watu."

Nikatoka natetemeka. Nilijua akimwambia mwalimu, masomo yangu yamekwisha. Nikasimama mlangoni nikiwaza: kwetu nyumbani kwa watu huingiwaje? Mkono ukagonga wenyewe, nikasema, "Hodi!"

Hakuna aliyecheka. Mzee Sven hakulijua neno lile, lakini alifungua mlango, akasema, "Välkommen," yaani karibu. Nikaiendea meza, nikamwamkia yule marehemu shikamoo, ndipo nikaanza kusoma. Kwa mwalimu mzee Sven hakunisema hata siku moja.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mle ndani mwenyeji keshakufa, lakini wako watakaopona kwa ukarimu wake, na mgeni ni wewe. Kwa hiyo Jumatatu ukifika mlangoni piga hodi, hata kimoyomoyo. Wenzio wakitania, usiwachekee. Na usiseme kamwe kwamba mtu hana mwenyewe, awe maiti au mgonjwa aliyeokotwa barabarani. Ukimkuta hana, basi mwenyewe ni wewe.

Jambo jingine, ndilo hasa lililonifanya nishindwe kulala kwa furaha. Mimi nami nimeandika barua yangu. Baba yako amenuna, atazoea. Kaka wa bibi yake Sven hakuulizwa. Mimi nimejiuliza mwenyewe nikakubali, tena kwa moyo mkunjufu. Siku yangu itakapofika, mtoto wa watu atasimama pale mlangoni akitetemeka kama nilivyotetemeka mimi. Mfundishe hodi, mwanangu, maana karibu yangu nimeshaitoa.

Mungu aitangulie mikono yako, na kila utakayemgusa apate nafuu. Amina.