Nani Atatupa Kadi Kwanza

Kwa nini mtu mwenye akili aache nguvu zake zipotee bure? Swali hilo lilinisumbua mwaka ule niliporudi nyumbani Kitale na shahada ya hisabati, bila kazi, wenzangu wote wa darasa wakiwa wametawanyika.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kadi, kwenye simu. Hauna zamu. Nguvu zinajaa kwa wachezaji wote wawili kwa pamoja, na kila kadi unayotupa inazipunguza huku ikitoa askari wa kuushambulia mnara wa mwenzako. Ukianza mapema, unamwonyesha mwenzako ulicho nacho mkononi. Ukichelewa, zinafika ukomo, na zinazofuata ni hasara. Nafasi ya kuanza vizuri ni nyembamba.

Mpinzani wangu wa kila jioni, msichana wa rika langu kutoka upande wa Bungoma, aliikosa nafasi hiyo kila mara. Alikaa kimya mpaka nianze mimi. Halafu, mara nyingi, akanishinda. Mimi niliyekatazwa na katekista kunyoosha mkono kwenye mafundisho ya kipaimara, kwa wingi wa maswali, hili nisingeliacha. Mwishowe niliamua kuwa ni adabu: ananipisha. Nyumbani tulizungumza mbolea na mahindi, basi. Kuna siku salamu yake, "Niaje wa Kitale," ndiyo maneno pekee niliyoambiwa tangu chai ya asubuhi.

Alipoandika, "Si ukuje tucheze uso kwa uso," nilikwenda. Sikufuata ushindi. Nilitaka kurudi na rafiki.

Tulikutana kwenye kibanda cha michezo mjini Bungoma. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria, na mwenye haya. Vijana wakatuzunguka. Mchezo ulipofunguka sikuharakisha, kwa mazoea ya kujua kwamba atanipisha. Askari wake wakawa wameufikia mnara wangu kabla sijagusa kioo.

"Madam wa Kitale amelala!" mmoja akapiga kelele. "Mwamshe, bana!"

Niliposhindwa, nilimuuliza kwa nini leo hakungoja.

"Kungoja nini?" Alicheka. "Kwetu Matulo netiwaki ni shida. Mchezo ukifunguka kwangu, ati wewe ushaanza kitambo."

Hakuwahi kunipisha hata siku moja. Nilicheka pia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Tukanunua soda. Akaizungusha chupa yake mezani, akaitazama.

"Unarudi leo?"

Nilitaka aseme nisirudi. Nikanyamaza kidogo, ili apate nafasi ya kusema. Naye akanyamaza.

"Magari ni mengi," nikajibu.

"Sawa basi."

Akanisindikiza hadi stejini, akasimama pale mpaka gari likaondoka.

Tulicheza mara chache baada ya hapo, kisha hatukucheza tena. Kwa miaka kadhaa niliisimulia safari ile kama ushahidi kwamba urafiki wa kwenye simu hauvuki kioo. Baadaye nikapata kibarua cha kufundisha Webuye, na mwalimu niliyeketi naye ofisini akatokea kuwa dada wa yule msichana. Ndiye aliyeniambia kwamba siku ile mama yao alichinja jogoo asubuhi, na nyumba nzima ilikaa bila kula hadi giza likaingia, ikimngoja mgeni kutoka Kitale.