Kivuli cha Saa Kumi

Mwaka ule saa za mkononi zilijaa soko la Sumbawanga mpaka zikawa zinauzwa meza moja na karanga. Soko huria lilikuwa limefika, bwana, ila saa zenyewe zilisimama kabla hujafika nyumbani. Mwalimu wetu wa jiografia akachoka na wachelewaji, akajenga saa yake uwanjani, mbele ya ukumbi wa Malangali: mawe ya miezi katikati, mawe ya saa pembeni. Unasimama juu ya jiwe la mwezi uliopo, kivuli chako kinaangukia saa. Tatizo alipima kwa kimo chake, naye alikuwa mrefu ajabu. Vivuli vya watu wengi viliishia njiani.

Changu kilifika. Mimi niliyeitwa mlingoti tangu darasa la tatu, siku ya uzinduzi nilitafutwa mtaa wetu wa Pito mzima nikawe mshale wa saa. Nilikwenda mbio, nacheka peke yangu barabarani.

Pembeni ya uwanja alikaa kijana muuza saa, na redio yake. Nilimpenda, naye alijua, ndiyo maana alikuwa na maringo. Akaniambia mbele za watu, "Redio ikilia saa kumi na kivuli chako kiko juu ya jiwe la saa kumi, natuma mshenga kwenu. Kikikosa, basi tena, mshikaji."

"Haya," nikasema, nacheka. Nilimtaka yule mtu kupita kiasi.

Nikasimama juu ya jiwe la mwezi ule. Kivuli kikasogea, watu nao wakasogea, wanasukumana. Kikapanda jiwe la saa kumi. Redio ikaanza ile milio ya kuhesabia saa. Hapo hapo akatokea bibi mzaa baba wa yule kijana, katoka kijijini Chala na mzigo wa ulezi kichwani, akapita mbele yangu kabisa.

Kwetu Ufipa mkubwa hasalimiwi ukiwa umesimama wima. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, ndipo unafungua mdomo. Akili iliniambia simama. Magoti hayakuiuliza akili. Nikachuchumaa. "Shikamoo, bibi." Kivuli kikajikunja chini yangu kama kuku anayeatamia, mlio wa mwisho ukalia, uwanja mzima ukaguna.

"Umekosa," kijana akasema, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini, huku roho inaniuma kwelikweli.

Bibi akaitikia marahaba kwa kituo, akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia wazazi wangu. Akauliza watu wanacheka nini, wakamweleza yote. Alimtazama mjukuu wake, akanitazama mimi kuanzia kichwani hadi miguuni, akaenda zake.

Jumapili baada ya misa mshenga akabisha hodi kwetu. Baba akamuuliza ametumwa na kijana gani. Mshenga akajibu hakutumwa na kijana, ametumwa na bibi; kijana yuko nje nyuma ya ua, kashika jogoo wa posa, anaona haya kuingia.